Mwaka mmoja wa kutu: shajara ya karakana

Jumamosi, 10 Februari 2024

Chanzo ni geti. Mama mmoja wa Kigamboni, mteja wangu tangu anachimba msingi, alinipigia simu wiki mbili zilizopita. "Fundi, ulinitengenezea geti au biskuti?" Nilipofika nikakuta ana haki. Geti halijatimiza miaka miwili, na chini ya flatibaa ya katikati, kile chuma bapa kinachopita katikati ya geti, rangi imevimba kama andazi. Ukibonyeza inabonyea. Ukikwangua inatoka na ganda la kutu nene kama kucha ya dole gumba.

Kinachoniuma ni kwamba geti la namna ileile, chuma cha duka lilelile na redi oksaidi (rangi nyekundu ya kuzuia kutu) ya kopo lilelile, nililipeleka Dodoma kwa dada yangu mwezi mmoja kabla ya hilo. Nimemwomba alipige picha. Halina hata doa.

Ningeweza kusema "ni bahari, mama" nikapanda pantoni nikarudi zangu. Mafundi wote tunasema hivyo. Lakini karakana yangu iko kando ya Barabara ya Nyerere, mbali na ufukwe, na shiti mpya nikiisahau nje wiki moja inageuka rangi ya chungwa. Halafu, kama tatizo ni maji, kwa nini geti limeoza upande wa chini na mvua inapiga juu?

Basi nimekata shiti ya chuma cheusi ya milimita 2 vipande vya sentimita 10 kwa 15, kipimo kinachotumika kwenye majaribio ya kutu ya kimataifa. Pamoja navyo kuna vipande vya bati la zinki, vya alumini iliyobaki kwenye fremu ya dirisha, na tepe za shaba nyekundu. Fremu ni za mbao, zimelala nyuzi 45, na kila kipande kimeshikwa kwa washa za plastiki ili metali mbili zisigusane. Vituo vitatu: paa la mama wa geti, mita kama 150 kutoka baharini, paa la karakana, na uani kwa dada Dodoma.

Uzito nimepima kwa mizani ya jikoni ya mke wangu, ili baada ya mwaka nijue kutu imekula kiasi gani. Vya chuma cheusi vyote vimesoma gramu 235.

Jumamosi, 17 Februari

Wiki nzima imepotea. Mwalimu wa kemia anayeniletea madawati ya shule kuchomelea ameona daftari langu akacheka mpaka akakaa chini. Mizani ya jikoni inasoma gramu nzima nzima, na kipande cha Dodoma kinaweza kupoteza gramu mbili tu mwaka mzima. Nimeteremsha vyote, nikapiga msasa upya, nikavipeleka Kariakoo kwa sonara ambaye mizani yake inasoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. "Hii dhahabu ya wapi, fundi?" 235.41. 234.87. 235.62. Sasa hivyo ndivyo vipimo. Mzigo wa Dodoma ulikuwa bado uko kwangu, kwa mara ya kwanza nashukuru uvivu wangu.

Nimeongeza kitu kimoja Kigamboni: kipande cha pili cha chuma, ndani ya kibaraza chini ya paa, mahali mvua haifiki ila upepo unapita. Hicho ni cha swali la upande wa chini.

Jumamosi, 23 Machi

Hakuna cha kupima bado, ila nimesoma, na mwalimu amenifafanulia yaliyonishinda.

Kwanza, kutu haingoji mvua. Inahitaji utando mwembamba wa maji ambao jicho haliuoni, na hewa yenyewe huutandika juu ya chuma unyevu ukipanda. Mwingereza mmoja, W. H. J. Vernon, alilionyesha hilo miaka ya 1930: hewa yenye gesi kidogo ya salfa haikukifanya chuma kitu cha maana mpaka unyevu ulipopita asilimia 60 hivi. Ulipopita hapo, kutu ikaanza mbio. Gesi peke yake haikuweza, wala unyevu peke yake.

Salfa hiyo hutoka kwenye makaa ya mawe na mafuta mazito. Ikiyeyuka ndani ya ule utando inakuwa asidi. Asidi inakula chuma, inazaa chumvi ya chuma na salfa. Chumvi hiyo ikikutana na hewa inageuka kutu, na asidi inaachiliwa tena ikale chuma kingine. Ni kama kibarua wa zege: akimaliza nguzo moja hajaenda nyumbani, anahamia ya pili. Ndiyo maana kupaka rangi juu ya kutu ni kumfungia kibarua ndani akiwa na zana zake. (Nimefanya hivyo mara ngapi? Tusihesabu.)

Chumvi ya bahari ina ujanja mwingine. Kopo la chumvi nyumbani wakati wa masika linatoa maji lenyewe, kila mtu ameliona. Chumvi safi huanza kulowa unyevu ukifika asilimia 75 hivi. Ya bahari imechanganyika na kloridi ya magnesi, ambayo hulowa hata unyevu ukiwa asilimia 33. Sasa niambie ni lini Dar unyevu ulishuka chini ya hapo. Chuma chenye vumbi la bahari hapa kwetu hakikauki, hata kama ukikigusa mkono unakuambia ni kikavu.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimeharibu mwenyewe. Nilipanga vipande kwa uzuri wa macho, shaba juu, bati na alumini chini yake. Masika imeshuka, maji yamepita kwenye shaba yakatiririka kwenye bati, na leo Kigamboni nimekuta bati lina michirizi ya kijivu iliyokolea kama machozi yenye wanja. Alumini ina vidoa vilevile. Sikugusanisha metali, nilidhani nimemaliza. Kumbe maji ya mvua yanabeba chembe za shaba, na zikitua juu ya zinki au alumini zinaishika na kuila palepale.

Nimekata bati na alumini mpya, nimehamisha shaba chini kabisa, karakana pia. Dada nimempigia: "Ile nyekundu iweke chini ya zote." Akasema Dodoma mvua imeshakaribia kuisha, ninamsumbua bure.

Jumapili, 5 Mei

Kimbunga Hidaya kilikuwa kinatajwa redioni siku tatu. Leo nimepita darajani kwenda Kigamboni nikitegemea kukuta fremu imeruka baharini. Ipo. Kioo cha dirisha la mama kimefunikwa utando mweupe, na majani ya mwembe upande wa baharini yamekauka kingo kama yamepitishwa motoni. Cha kushangaza, kipande cha wazi kinaonekana kisafi kuliko nilivyokiacha, mvua imekisuuza. Kile cha kibarazani kimefura mabaka meusi.

Jumamosi, 25 Mei

Nimepata kituo cha nne bila kukitafuta.

Mtaa wa pili nyuma ya karakana kuna uwanja wa skrepa. Vijana wanachoma nyaya za umeme jioni ili wapate shaba. Leo mzee wa nyumba inayopakana na uwanja ule ameniita nimbadilishie bati za choo. Bati geji 30, anasema ana miaka mitatu nazo. Nimeshika moja nikiwa juu ya ngazi, kidole gumba kimepita upande wa pili.

"Shikamoo mzee. Hili bati ulilinunua kuukuu?"

"Marahaba. Jipya kabisa, na risiti ninayo. Lile la mwanangu huko mbele, tulinunua siku moja, linang'aa mpaka leo."

Nimekaa pale mpaka magharibi. Wakawasha. Moshi mzito mweusi, harufu inachoma puani kama ile ninayoijua vizuri kutoka kwenye dumu langu la kuondolea kutu. Nikamuuliza mwalimu kwa simu, naye hakushangaa. Ganda la waya ni PVC. Zaidi ya nusu ya uzito wa plastiki yenyewe, kabla haijachanganywa na vilainishi, ni klorini. Ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, na gesi hiyo ikikutana na unyevu ndiyo asidi ya haidrokloriki, ileile ninayonunua dukani kwa lita. Bahari inaleta kloridi kwa mawimbi na upepo, sisi tunaileta kwa kiberiti.

Nimetundika kipande cha chuma juu ya choo cha mzee. Siku hiyohiyo nimetundika pacha wake karakana, maana vile vya mwanzo vina miezi mitatu mbele na kulinganisha nisingeweza.

Jumamosi, 20 Julai

Kusi linavuma kweli. Nilikuwa nimetengeneza kitegeo cha chumvi: chupa ya maji, na shashi imezungushiwa kwenye bomba la kioo, ikae mbichi ikinase chumvi ya upepo, kisha mwalimu aipime maabara. Kunguru wamebeba shashi. Nimeweka nyingine, wakaibeba nikiwa bado ninashuka ngazi.

Kwa hiyo nimetumia kipimo cha babu. Nimelowesha kidole, nikapitisha juu ya kipande cha wazi, nikalamba: kutu tu, ladha ya damu. Nikapitisha chini ya kipande hichohicho: chumvi. Nikaenda kwenye kile cha kibarazani: chumvi ya kukunja uso. Mama wa geti alikuwa ananitazama kutoka mlangoni. "Fundi, nikuletee na ugali?"

Hilo ndilo jibu la flatibaa nililokuwa natafuta. Upepo unaleta chumvi pande zote sawa. Mvua inaosha juu, haioshi chini wala kwenye kibaraza. Kila siku chumvi inaongezeka palepale, na jua halifiki kukausha. Sisi mafundi tunapaka koti mbili upande wa mbele unaoonekana, upande wa chini tunapitisha brashi moja ya haraka kwa sababu shingo inauma.

Jumamosi, 14 Septemba

Bati. Wateja wote wanaijua geji. "Nataka geji 28, fundi, usiniletee 30." Mteja aliyeniuliza zinki iliyo juu yake ni kiasi gani, sijawahi kumpata. Geji ni unene wa bati zima. Kinachozuia kutu ni ngozi ya zinki. Bati lenye alama ya Z275 lina gramu 275 za zinki kwa mita mraba kwa pande zote mbili, yaani kama mikroni 20 kila upande, na mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita. La Z100 lina mikroni 7 tu. Unaweza kununua geji 28 yenye ngozi nyembamba ukalipa zaidi kwa paa litakalotoboka mapema kuliko la jirani.

Zinki kwenye hewa safi inajivalisha yenyewe: inashika unyevu na kaboni dioksaidi, inatengeneza utando wa kijivu unaoshikamana, kisha inatulia. Hewa ikiwa na salfa au kloridi nyingi, utando huo unageuka chumvi inayoyeyuka, mvua inaichukua, zinki inatengeneza mwingine, nao unachukuliwa. Kankoyo, mtaa ulio jirani na kiwanda cha kuyeyushia shaba cha Mufulira, Zambia, moshi wa salfa wameupa jina, wanauita senta. Ukitaka kujua umepita wapi pale, tazama mabati.

Jumapili, 17 Novemba

Dereva wa malori yaendayo Congo ameleta trela. Sakafu imeliwa kwenye pembe zote, nondo za chini zimebaki kama sindano. Nikauliza alibeba nini. Akachokonoa kwenye ungio kwa bisibisi, akanionyesha unga wa manjano: kibiriti upele, yaani salfa yenyewe. Unashushwa bandarini hapa, unapanda mpaka migodi ya Katanga kutengenezewa asidi ya kuchenjulia shaba, na lori linarudi na shaba. Unga ukikaa pembeni ukalowa, vijidudu vinaugeuza asidi ya salfa juu ya chuma kilekile. Nimemwambia aoshe trela kila anaposhusha. Akaniuliza maji Tunduma nitamlipia mimi?

Lakini imenifanya niirudie dhana yangu ya mwanzo. Nilikuwa na hakika kwamba karakana inaliwa na moshi wa malori. Huenda nimewaonea. Dizeli ya Afrika Mashariki ilishushwa salfa mpaka sehemu 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015, na meli nazo tangu tarehe 1 Januari 2020 zimebanwa, kutoka asilimia 3.5 ya salfa kwenye mafuta hadi 0.5. Ulaya walianza mwaka 1987 kutundika vipande kama vyangu katika nchi nyingi kwa pamoja, na salfa ilivyopungua hewani kutu nayo ikashuka. Masizi na vumbi ndivyo naanza kuvishuku. Nikifuta kipande cha karakana kwa kitambaa asubuhi, kitambaa kinatoka cheusi na kibichi. Tope lile linashika umande mpaka saa nne, wakati bati tupu la jirani limekauka saa mbili.

Jumapili, 9 Februari 2025

Nimeteremsha vyote vya Dar. Vya Dodoma vimefika jana kwa basi, dada amevifunga kwa kanga.

Jumamosi, 15 Februari

Siku ya kuosha. Kutu lazima iondoke yote, chuma kizima kisiguswe, na asidi haichagui. Mwalimu ameleta heksamini, inachanganywa na asidi ya haidrokloriki ili isile chuma. Hata hivyo tumeosha kwanza kipande kipya ambacho hakijawahi kutoka kabatini, kwa dakika zilezile. Kimepoteza 0.07. Hiyo tunaitoa kwenye kila hesabu.

Kipande cha kibarazani kilipoingia kwenye beseni kilichemka kama soda. Ganda la chini liliachia likiwa zima, likaelea kidogo, likazama. Kilichobaki kina mashimo mashimo kama ganda la chungwa, na ukikiinua dhidi ya taa kingo zimekuwa kali kiasi cha kukata karatasi. Cha Dodoma kilitoka na alama za msasa wangu wa mwaka jana bado zinaonekana. Niliiona alama moja ya grinda niliyoteleza nikaikumbuka.

Kwa sonara tena. Kwa ukubwa wa vipande hivi, kila 0.243 ya gramu ni mikroni moja kwa pande zote:

Dodoma, gramu 2.1, mikroni 9.
Karakana, gramu 8.7, mikroni 36.
Kigamboni wazi, gramu 22.0, mikroni 91.
Kigamboni kibarazani, gramu 28.6, mikroni 118.

Na wale mapacha wa tarehe 25 Mei, miezi minane na nusu: karakana 6.6, juu ya choo cha mzee 11.9.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 9223 kinapanga hewa kwa chuma kinachopotea mwaka wa kwanza. Mikroni 1.3 mpaka 25 ni C2, na Dodoma imeingia hapo. 25 mpaka 50 ni C3, karakana. 80 mpaka 200 ni C5, na Kigamboni imetua humo kwa miguu yote miwili. Cha mzee kimeshafika mikroni 49 kabla mwaka haujaisha. Sikukizidisha ili kupata mwaka mzima, kwa sababu kutu huenda ikipunguza kasi kadiri ganda linavyonenepa, lakini yule pacha wake ananitosha: mita chache za mtaa, karibu mara mbili. Ni kipande kimoja kimoja kila mahali, najua. Mwaka huu vitakuwa vitatu vitatu.

Zinki kwenye hewa ya C5 hupotea mikroni 4.2 mpaka 8.4 mwaka wa kwanza. Rudi kwenye bati la mikroni 7 ufanye hesabu mwenyewe. Bati langu la Kigamboni lina unga mweupe kote na wekundu kwenye kingo nilizokata. Alumini imepata vitobo vidogo vyenye vichwa vyeupe, kama chunusi, vinginevyo haina neno. Shaba ya Dodoma imekuwa hudhurungi kama sarafu ya zamani. Ya Kigamboni imeanza ukijani kuzunguka matundu ya bolti.

Jumamosi, 22 Februari

Nimempelekea mama geti lake. Nimekata flatibaa ya katikati nikaweka bomba la mviringo, maana juu ya bomba hakuna pa chumvi kutua na chini yake brashi inafika. Kila tundu la bomba limezibwa kwa kuchomelewa. Chuma kimesuuzwa kwa maji baridi ya bomba na kukaushwa kabla ya rangi, primer (rangi ya kwanza) ya zinki, halafu koti tatu, na upande wa chini nimeupaka kwanza nikiwa bado na nguvu. Bei nimegawana naye hasara. Nimemwambia pia, "Mama, kila Jumamosi mwagia geti maji ya bomba, hasa chini. Na grili za kibarazani."

"Yaani nioshe chuma kama sahani?"

"Kama sahani."

Kibarazani nimetundika vipande sita: vitatu ataviosha Jumamosi, vitatu havitaguswa. Kule kwa mzee, kijana mmoja wa skrepa alikuja mwenyewe kuuliza ninapima nini. Nilipomwonyesha vile viwili, cha karakana na cha kwao, alivipapasa muda mrefu. Akaniuliza mashine ya kumenyea nyaya naweza kumtengenezea kwa shilingi ngapi. Roli mbili, kisu katikati, mpini wa kuzungusha. Nimeanza kuchora.